Breki ya Tata

Asubuhi hiyo Phanice alitoka nje kupiga mswaki akakuta baiskeli yake ya mashindano imesimamishwa kwenye jua, na imefungwa breki.

Mswaki ukabaki mdomoni.

Baba yake, mzee Ogoti, fundi wa baiskeli sokoni Keumbu tangu Phanice hajazaliwa, alikuwa amekaa kwenye kigoda akijifuta grisi, uso umejaa furaha ya mtu aliyeokoa nyumba isiungue.

"Hao watu wako wa ng'ambo walitaka kukuua, mama," akasema. "Baiskeli haina breki hata moja! Nimeitoboa na drili nikakufungia ya Black Mamba, baiskeli ya mizigo. Sasa nitalala."

"Tata, si nilikueleza? Kule tunazunguka uwanja wa mbao, tumebanana kama mahindi kwenye gunzi. Ukishika breki, wa nyuma wanakupanda. Tunapunguza mwendo kwa miguu, tukizuia pedali."

"Miguu si breki."

Basi Phanice akainama akatazama. Ule uma unaoshika gurudumu la mbele haukuwa chuma. Ulikuwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Chuma hupinda kwanza, kikakupa nafasi ya kuruka. Kaboni ikishatobolewa hunyamaza, hunyamaza, halafu hukatika mara moja, nawe uso chini. Pembeni mwa tundu la mzee palikuwa na ufa ambao jicho la haraka lingeupita. Akaupitishia ukucha. Ukucha ukanasa.

Baiskeli yenyewe ilikuwa mali ya timu. Alikuwa ameileta nyumbani siku mbili tu, watu waione, kisha Jumatano apande ndege nayo kwenda kwenye mbio za kuamua kama timu itamwandika tena au atarudi kuchuma majani chai.

Alitaka kusema. Lakini mzee alikuwa ameanza kuimba wimbo wa kanisani, na tangu mkewe azikwe hakuna aliyemsikia akiimba. Phanice akayameza maneno.

Kufika saa nne boma lilikuwa limejaa majirani waliokuja kumwona bingwa wao. Ombui muuza ndizi, mtu asiyejua kunyamaza, akaanza.

"Ogoti, umefunga breki ya kubebea ndizi kwa kitu cha wazungu? Hiyo itamwangusha huyu mtoto!"

"Itamwangusha wapi? Phanice, hebu waonyeshe. Shuka mpaka mtoni, ushike breki pale kwa kona."

Makofi yakapigwa. Njia ya mtoni ilikuwa mteremko mkali wa kokoto tupu, na jua lilikuwa limeshaondoka. Wingu zito lilikaa juu ya migomba. Phanice akapanda. Alipoegemea usukani, kitu kikalia kidogo chini ya mikono yake. Hakuna mwingine aliyesikia. Nitaenda polepole, akajiambia. Nitaizuia kwa miguu, hiyo breki sitaigusa, na mzee hatajua kitu.

Lakini akaweka mguu mmoja chini, hakuondoka.

"Anaogopa!" Ombui akacheka. "Fundi mwenyewe apande basi!"

"Kwani siwezi?" Ogoti akaushika usukani. "Shuka, mama. Nipishe niwaonyeshe kazi ya baba yako."

Phanice akashuka, hajui hata kwa nini anashuka, na mzee tayari alikuwa ameinua mguu.

Kujihatarisha yeye mwenyewe, sawa. Kumhatarisha mzee, hapana.

"Tata, toka!"

Akamnyang'anya baiskeli, akailaza juu ya jiwe, akaukanyaga uma kwa kisigino. Haukudai nguvu. Ulikatika pale pale kwenye tundu, na gurudumu likachomoka, likabingirika peke yake kuelekea mtoni, likichupa kwenye kokoto mpaka likapotea.

"Ungefia pale kwa kona," Phanice akasema.

Mzee akaokota kipande cha uma, akakigeuzageuza. Kidole chake kikatua mahali alipotoboa kwa mkono wake. Akamtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Ulijua," akasema. "Ulijua, na ulikuwa umepanda."