Kopo la Majani ya Chai

Mkono wa Bibi Fundi ulifika kwenye rafu ukakuta ubao mtupu. Ukapapasa kushoto, ukapapasa kulia. Kopo la majani ya chai, lililokaa hapo tangu mumewe angali hai, halikuwapo. Kwenye jiko la gesi maji yalikwisha kuchemka, kifuniko kikigongagonga kama mgeni asiye na subira.

Muuguzi alikuwa ameketi karibu na mlango. Alikuja kutazama kama mama huyu, aliyeushonea mtaa mzima nguo enzi zake, bado anaweza kuishi peke yake. Alipopimwa, Bibi Fundi alikuwa amefunga vifungo vya gauni upesi, na dawa zake alizitaja moja moja. Goti la kushoto alilificha. Ilibaki kupika chai tu. Binti yake alishaandaa chumba nyumbani kwake, akatundika na pazia jipya; alingoja neno la muuguzi.

"Umeona, dada?" binti alimnong'oneza muuguzi, kwa sauti ile watu huitumia wakidhani masikio ya mzee nayo yamezeeka. "Ndiyo haya niliyokueleza. Anasahau."

Bibi Fundi aliingiwa na hofu. Labda ndivyo inavyoanza, aliwaza. Leo kopo, kesho jina la mtoto. Kisha pua ikamwambia jambo. Rafu ilinukia sabuni. Jana binti alishinda humu akisugua, mgeni asije akakuta aibu, akaondoka akishika kiuno. Alifanya kwa mapenzi. Na kwa mapenzi hayo hayo alikuwa amehamisha kila kitu, bila kujua kwamba macho ya mama yake yameingia ukungu, na kwamba humu jikoni mikono ndiyo iliyokuwa ikiona.

"Zima jiko," alisema.

"Mama, ngoja nikusaidie."

"Zima jiko, kisha ukakae na mwenzako. Kazi ya kunisaidia uliimaliza jana."

Muuguzi aliinamisha uso kuficha tabasamu.

Bibi Fundi alifungua kabati la chini, akashika ukingo wa meza, akapiga magoti. Akatoa makopo yote, akayanusa, akayatikisa, akainuka kwa taabu na kuyarudisha: sukari kulia, chumvi mbali na sukari, kiberiti pembeni, majani ya chai mahali pake. Kifuniko kimoja kikamponyoka, kikaviringika hadi miguuni pa muuguzi. Muuguzi hakukiokota. Alikigonga kwa ncha ya kiatu, kikalia kidogo, mzee apate kusikia kilipo.

Bibi Fundi alikiokota. Wema wa namna hiyo alikuwa hajafanyiwa siku nyingi.

Akawasha jiko. Chai ikaiva, ikamiminwa, wala tone halikuanguka.

"Kwa nini hukuniambia kwamba huoni vizuri?" binti aliuliza.

"Ungenihamisha mimi kabla ya kopo."

Bibi Fundi akamgeukia muuguzi. "Andika macho yana ukungu. Andika na goti la kushoto. Bafuni mimi hujishikiza kwenye ndoo, na ndoo yenyewe haina msimamo. Nilikusudia kukuficha, sasa sifichi. Lakini andika pia kwamba chai yangu umeinywa."

"Bado sijainywa, mama."

"Basi kunywa kwanza. Usiandike uongo nyumbani kwangu."

Muuguzi akacheka, akanywa. Kisha akasema bafuni pafungwe chuma cha kushikia ukutani, na macho yaonwe na daktari.

"Na chumba nilichomwandalia?" binti aliuliza.

"Hilo muulize mwenyewe," muuguzi alijibu. "Yupo hapa."

Binti alitazama pembeni. Akakusanya vikombe, akaviosha polepole, akavifuta. Kimoja kikabaki mkononi, naye akasimama mbele ya rafu kama mtu aliyefika nyumba ya watu.

"Hiki kinakaa wapi, Mama?"

Bibi Fundi alikaa kitini, akanyoosha lile goti.

"Fumba macho," alisema, "kisha nyoosha mkono."