Aliondoka na Pasi

Fundi alianza kuandika hadithi miezi mitatu baada ya mumewe kuondoka. Kila Jumamosi asubuhi aliifunika cherehani yake, akapanda ghorofa ya pili ya maktaba, akaketi na wenzake saba mbele ya mwalimu wao, mama mstaafu aliyehariri vitabu vya watu miaka thelathini.

Hadithi yake ya kwanza ilihusu mke aliyeachwa. Mke alipiga magoti, akaishika miguu ya mume, akalia mpaka sauti ikamkauka. Nje mvua ikanyesha. Mwalimu aliisoma yote, kisha akavua miwani.

"Mwanangu, huyu mama analia kurasa nne, na mimi nimekaa tu. Wewe ulilia ukiandika?"

"Hapana."

"Sasa machozi yote haya ni ya nani? Achana na mvua. Niambie, huyu bwana aliondoka ameshika nini?"

Fundi alikaa na swali hilo siku mbili. Begi. Na pasi. Mumewe alikuwa ametoka kunyoosha shati, akaichomoa ukutani ikiwa bado moto, na begini isingeingia. Basi akasimama nayo mlangoni akingoja ipoe. Dakika kumi hivi. Fundi alikuwa anashona vifungo vya mteja. Akamuuliza, "Chaja umechukua?" Akajibu, "Nimechukua." Pasi ikapoa, akaenda zake. Ndoa ya miaka kumi na mmoja.

Aliandika hivyo hivyo, ukurasa mmoja na nusu. Neno "huzuni" lilijipenyeza mara tatu, akalifuta mara tatu, kwa mkono uleule unaofumua mshono uliopinda.

Dada yake alipita jioni, akasoma akiwa amesimama.

"Ndiyo hii tu? Watu watasema una roho ngumu."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Basi ongeza kidogo. Hata chozi moja, jamani!"

Fundi aliutazama ukurasa, akatafuta pa kulitia. Hakupaona.

Jumamosi aliisoma mbele ya wenzake. Mmoja wao, kinyozi ambaye kwa kawaida hakosi mzaha, aliuliza taratibu, "Zile dakika kumi, hakukuangalia?"

"Alikuwa anaangalia pasi."

Kinyozi akainuka, akatoka kwenda kusimama koridoni. Mama mmoja aliyekaa nyuma akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Fundi aliwatazama, akasubiri na yeye machozi yamfike. Hayakumfika.

"Sasa umeandika," mwalimu alisema. "Wiki ijayo niletee asubuhi iliyofuata."

Akishuka ngazi, Fundi alijaribu kuikumbuka asubuhi ile. Alikuja mteja kujaribu gauni. Alijizungusha mbele ya kioo, mara huku, mara kule, akauliza kama limemkaa.

"Limekukaa," alimjibu, akapiga goti kumpimia pindo.