Kabureta Mbili za Fundi Tsuma

"Mahamri yangu yananuka petroli, Fundi! Mteja kauma moja, kanitemea mbele ya watu!"

"Basi kaa mbali na jiko, Nyevu, usije ukalipuka," akajibu Tsuma, bila kuinua kichwa.

"Unanifanyia mzaha? Sufuria yangu ya kukandia unga, nimekuazima uchemshie maji, wewe waogeshea vyuma! Ndiyo maana mkeo kaondoka!"

Ua mzima ukageuka. Hata wale waliojifanya wanaanika nguo, na nguo zenyewe zilishakauka zamani, wakaacha kujifanya. Nyevu akajiziba mdomo kwa leso, lakini neno lilikwisha toka.

Na lilikuwa neno la kweli, mtaa mzima wa Bofu ukilijua. Tsuma, fundi cherehani, alinunua pikipiki kuukuu yenye kabureta mbili, vile vyuma vya kuchanganyia petroli na hewa, kwa mtu aliyekuwa akihamia bara. Hakuinunua kwa maringo. Mkewe Mwanasaumu alikuwa na miguu ya kuvimba, na kila Ijumaa hakosi kwenda kumwona mamake huko Mtongwe. Tsuma akaona, huyu nimpakie, asitembee.

Pikipiki ikakataa kuwaka. Kabureta zikafunguliwa, zikahamia ndani. Zikalala juu ya meza, wenye nyumba wakala chini. Boya la kabureta likakutwa kabatini kati ya vikombe vya wageni. Siku Mwanasaumu alipouma skrubu ndani ya wali, alitema, akanawa, akavaa buibui.

"Siku hiyo pikipiki itakapofika kwa mama kwa moto wake, si kwa kusukumwa, nitapanda nirudi," alisema. "Kabla ya hapo usinitumie wazee. Sitawasikiliza."

Ndipo Tsuma akawa hana njia ila hiyo. Wazee wangekubali kwenda, lakini yeye alimjua mkewe.

Kabla ya hizi hakuwahi kufungua kabureta maishani mwake. Akazishughulikia kama afanyavyo koti: akatandika kitambaa cheupe, vya kulia akavipanga kulia, vya kushoto kushoto, ili mkono mmoja usishonewe begani pa mwingine. Vitundu vya jeti vipitishavyo petroli, vyembamba kuliko tundu la sindano, akavizibua kwa unywele wa brashi, akaviinua juani mpaka akaona mwanga upande wa pili. Mwishoni, siku ile ile Nyevu alipofoka, akafanya jambo ambalo kila fundi cherehani hulifanya: akatia mafuta. Chuma kisichotiwa mafuta hulia, na hewa ya chumvi hukila. Mafuta ya cherehani yakamwishia katikati. Akachukua chupa ya mafuta ya nazi ya Mwanasaumu, iliyobaki kando ya kioo.

Alipoifungua, harufu ya nywele za mkewe ikajaa chumba. Tsuma akakaa na ile chupa mkononi kitambo, kisha akapaka kila kitu, nje na ndani, kwa upole kama anayemsuka mtu.

Asubuhi yake, baridi ya kipupwe ikiwa bado imeshika, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena mpaka goti likamuuma. Pikipiki ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Tsuma akakaa chini ukutani, uso mikononi. Mtongwe si mbali, lakini siku hiyo aliiona kama ng'ambo ya dunia.

Nyevu akatoka na sahani iliyofunikwa.

"Fundi, jana nilikukosea. Ulimi hauna mfupa. Kula haya, hayanuki." Akainusa pikipiki. "Lakini hii mbona yanukia kama bibi harusi?"

"Nimeipaka nazi."

"Wapi?"

"Kote. Mpaka ndani ya vitundu."

Nyevu akacheka hadi leso ikamteleza. "Kipupwe hiki, Fundi! Chupa yangu mimi asubuhi naipindua juu chini, halitoki hata tone mpaka niianike juani. Umekiziba pua chuma cha watu, kitavuta pumzi wapi?"

Tsuma aliinuka kama aliyeitwa. Akafungua tena. Kweli, vijia vya hewa vilikuwa na mafuta meupe yaliyoganda kama mshumaa. Akaviosha kwa petroli, safari hii katika kopo lake mwenyewe, Nyevu akimshikia kitambaa na kumpa habari za ndoa zote za mtaa, zilizosimama na zinazoyumba. Ya Tsuma hakuitaja. Vikakaushwa, vikarudishwa vikavu.

Jua likiwa limepanda, akapiga kiki. Ikashika! Wanawake wakapiga vigelegele, na yule mteja aliyetema hamri akapiga kuliko wote.

Akaenda Mtongwe polepole. Kabureta ya kushoto ilikuwa ikichelewa kidogo, kama maamuma aliyekuta swala imeanza, lakini ilifuata. Mlangoni kwa mkwewe akasimama, injini ikinguruma.

Mama mkwe, Mwanatabu, akatoka. "Nani huyo atutikisiaye nyumba?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Zima basi tusikizane."

"Niwie radhi, mama. Sizimi mpaka asikie mwenyewe."

"Nimekusikia tangu uko kwenye kona," ikasema sauti nyuma ya pazia.

Mwanasaumu akatoka. Pikipiki hakuitazama. Alitazama vidole vya mumewe: kucha nyeusi, ngozi imechunika, vidole ambavyo havikuwahi kugusa kitambaa cha mteja vikiwa na hata vumbi.

"Na nguo za watu washona vipi na mikono hii?"

"Sijashona tangu uondoke."

Mwanasaumu akageuka. Aliingia ndani, akarudi na birika la maji na sabuni. Tsuma akazima injini, akakinga mikono. Mkewe akamnawisha kidole kimoja kimoja, akisugua weusi uliokataa kutoka, naye mama mkwe akajifanya anafukuza kuku ambao hawakuwapo.

"Hautoki wote," Tsuma akasema.

"Utatoka. Ingia ule kwanza, kurudi tutarudi."