Kadi za Harusi ya Mama

Mtaani walimwita Mama Hereni, ingawa hakuwa na mtoto, kwa sababu ya hereni za karatasi alizokuwa akizisokota na kuzipaka vanishi pale mezani kwake. Alitengeneza na kadi pia. Siku mama yake, muuguzi mstaafu aliyefiwa na mume zamani, alipomwambia, "Naolewa, mwanangu, na kadi utanitengenezea wewe," alijibu, "Sawa, mama," kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Tangu hapo hakutulia. Alikaa, akainuka, akafungua dirisha, akalifunga. Kazi yenyewe aliijua: unagonga muhuri wa wino, unanyunyizia unga wa dhahabu, unakung'uta uliozidi, halafu unapitisha mashine ya hewa moto mpaka unga uyeyuke na herufi zivimbe. Lakini kila alipofika kwenye jina la bwana harusi, fundi saa mpole aliyezoea kuja kunywa chai na kusahau kofia, mkono ulikawia na karatasi ikaungua. Ya kwanza akaisingizia mashine. Ya pili akausingizia unga. Zilizofuata hakuwa na wa kumsingizia.

Mama akaingia akifuata harufu ya moshi. Akaokota kadi moja.

"Mbona jina langu limetoka vizuri, la mwenzangu ndilo linaungua?"

"Bahati mbaya tu."

"Bahati mbaya gani hiyo inayochagua mtu?"

Binti akataka kucheka, akashindwa. Akaizunguka meza. "Ukihamia kwake, mama, nikirudi nyumbani nitamwambia nani kwamba nimerudi?"

Mama akavuta kiti. "Baba yako alipofariki nilibaki hapa kwa sababu nilikuwa nakuhofia wewe. Siku hizi wewe ndiye unayenihofia mimi. Lazima mmoja wetu atoke, na mwenye mchumba ni mimi."

Safari hii binti alicheka, machozi yakimlengalenga. Wakamaliza kadi pamoja. Zile alizotengeneza mama zilikuwa na dhahabu mpaka pembeni, na wala hakuzionea aibu.

Kesho yake Mama Hereni mwenyewe alimpelekea fundi saa mgao wake wa kadi. Mzee akafuta mikono, akapitisha kidole juu ya jina lake taratibu, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto.

"Limeinuka. Unafanyaje?"

Binti akaanza kumweleza akiwa amesimama. Mzee akamsogezea kigoda. Alisema ana haraka, lakini akakaa, ukingoni kabisa, mkoba mapajani.