Indiketa

Skiza, hii yenye nataka kukuambia huwezi amini, na ukifika katikati utasema nimeongeza chumvi. Sijaongeza hata kidogo. Watu wa Kawangware, pale steji ya 46, wako, enda uwaulize. Ama usiulize, angalia tu viatu zao.

Ilianza Jumanne, kitu saa tisa mchana, kwa studio ya Mbuthia. Studio ni chumba moja ya mabati nyuma ya kinyozi, ukuta imebandikwa trei za mayai ya kuzuia kelele, na laptop iko juu ya meza ya kupiga pasi. Mbuthia alikuwa hapo tangu asubuhi akibonyeza maboksi. Programu yake iko na maboksi kumi na sita kwa mstari. Ukibonyeza boksi, ngoma inalia hapo. Ukiacha, inanyamaza. Alikuwa ameweka mdundo wa chini boksi ya kwanza na ya tisa, makofi ya tano na ya kumi na tatu, na aliamini kila biti yenye iko duniani inaweza kuingia hapo, mradi ujue ni boksi gani.

Sitelbanat alikuwa amekalia kreti ya soda, mguu ya kushoto ameinyoosha mbele. Alikuwa ametembea kutoka Makina, huko Kibera, kama kila Jumanne.

"Hiyo imekufa," akasema.

"Imekufa aje na iko on time?"

"Hata maiti iko on time, Mbuthia."

Mbuthia akacheka, akajaribu njia ingine. Alichukua ngoma moja ya zamani, ya kaseti za babake, akaikata vipande, akazipanga upya. Sitel akasema hiyo inaskika kama mtu amevaa koti ya marehemu na haijamtosha. Akajaribu ya tatu. Kuna button ya kubahatisha, inasukuma kila pigo mbele kidogo ama nyuma kidogo ndio iskike kama ni binadamu amepiga.

"Huyo ni mlevi," Sitel akasema. "Mlevi huchelewa bila sababu. Mimi huchelewa na sababu."

Sababu ilikuwa mguu. Alianguka kwa mtaro huko Kianda akiwa darasa la pili, mfupa ikashika vibaya, ikabaki fupi, na tangu siku hiyo mguu ya kushoto ilikuwa inafika nyuma ya ule mwingine, na mwili yote inainama upande huo. Watoto wakamwita Indiketa, kama gari inataka kukata kona. Walikua watu wazima na bado wakamwita hivyo, kwa maji, kwa duka, hata kwa kilio. Kulikuwa na mahali mbili tu hakuna mtu alimwita hivyo. Moja ni harusi za Wanubi, penye alikuwa anapiga ngoma na nyanya yake, Haboba Hayat. Haboba alimfunza akiwa mdogo: ngoma ni kutembea, venye unatembea ndio upige. Kwa hivyo pigo la nne la Sitel lilikuwa linachelewa, kiasi ya mtu kumeza mate, na hapo kwa kungoja ndio mabega za wamama zilikuwa zinaingia. Hakuna harusi ya Makina wamama walikaa chini Sitel akipiga.

Mahali pa pili ilikuwa kwa Mbuthia. Walijuana miaka nne iliyopita, Mbuthia alipokuja harusi moja kutengeneza spika. Mtaa mzima ikisema Indiketa, yeye alisema Sitel.

"Haya, piga wewe," Mbuthia akamwambia siku hiyo, akamsukumia kale kamashini ka vitufe vya raba.

Sitel alipiga na vidole nne. Kwa screen mapigo zilitokea moja moja, tatu ndani ya boksi na ya nne nje kidogo, kama mtu amesimama kwa mlango hataki kuingia.

"Naeza inyoosha," Mbuthia akasema. "Ni button moja."

"Ukininyoosha naenda nyumbani."

"Basi kuna ingine. Inatoa ile kuchelewa peke yake. Mapigo inaacha, kuchelewa inachukua, halafu unaeza imwaga juu ya biti yoyote."

"Si ufanye basi."

Alibonyeza. Kalaini kakaanza kujaa chini ya screen. Kalipofika asilimia mia, mguu ya kushoto ya Sitel iliongezeka urefu, upana wa vidole viwili. Alisimama, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Hakuchechemea.

"Mguu imenyooka," akasema.

"Poa," Mbuthia akasema. "Ngoja nihifadhi hii." Akageuza laptop kidogo upande wake, akaandika jina la faili.

Jioni Haboba alimwambia atembee kutoka kitandani mpaka kwa jiko. Alitembea. Haboba akamwangalia kama mtu ameangalia mtoto amerudi shule bila sweta.

"Umeiacha wapi?"

"Kwa laptop ya Mbuthia."

"Utaenda kuichukua lini?"

"Si niko sawa, Haboba."

Haboba aliendelea kuchagua mchele.

Jumamosi kulikuwa na harusi. Sitel aliweka ngoma kwa mapaja, akapiga, na kila pigo likaingia kwa boksi yake. Alijaribu kuchelewa, akashindwa. Wamama walisimama, wakangoja mahali pa kuingiza mabega, wakakosa, wakakaa. Hakuna mtu alimtukana. Haboba alikuja pole pole, akamtoa ngoma kwa mapaja, akampatia binamu yake.

"Enda usaidie na chai, mama," akamwambia.

Sitel alimimina chai siku hiyo yote akitembea vizuri sana.

Wiki iliyofuata ngoma ya Mbuthia ikatoka, ile kuchelewa ya Sitel imemwagwa juu yake. Kufika Ijumaa ilikuwa kwa kila spika kutoka Kabiro, huku Kawangware, mpaka Olympic, huko Kibera, na kila mtu aliyeiskia akaanza kuchechemea mguu wa kushoto. Hakuna mtu aliona ni jambo kubwa. Wanafunzi walichechemea wakiingia darasani. Watu wa boda waliegemea upande moja hata barabara ikiwa imenyooka. Pale Kabiro, mzee Kagiri, mwenye ploti ya orofa tatu, aliita fundi akashushiwa kila ngazi ya pili, ndio wapangaji wapande bila shida.

Sitel aliskia biti mara ya kwanza akinunua sukuma. Aliujua mguu wake venye mtu hujua sauti yake kwa simu. Lakini haikumrudia. Mguu iko kwa ngoma, yeye akabaki amenyooka, mtu mmoja tu kwa soko nzima.

Alienda 46 kwa Oloo, fundi wa viatu anayekaa karibu na kinyozi. Oloo alikuwa na viatu za kushoto zimejaa gunia tatu.

"Zote zimeliwa pembe ya nje," Oloo akasema, akimwonyesha moja. "Nimeshona viatu miaka kumi na tisa. Hii ni kutembea kwako, dada. Hata kwa giza naeza jua."

"Si uwaambie watu."

"Niwaambie nini? Watu wanajua."

"Wanajua?"

"Kila mtu anajua. Walikuona ukipita hapa miaka nne." Akauma uzi, akaukata. "Lakini ngoma imeandikwa Mbuthia."

Alipotoka hapo alipanda ngazi za Kagiri kukata njia ya kurudi nyumbani, akajikwaa, maana yeye alikuwa amezoea ngazi za kawaida sasa. Wasichana wawili walikuwa wanashuka, pole pole, kushoto, kushoto.

"Cheki huyu," mmoja akasema. "Ni kama hana indiketa."

"Umesema nini?" Sitel akamuuliza.

"Si hiyo ngoma, auntie! 'Indiketa'. Ya Mbuthia. Kwani unaishi wapi?"

Sitel alikaa kwa ngazi hiyo mpaka watu saba wakampita, wote wakichechemea, wawili wakimwambia pole.

Halafu akageuka, akarudi 46 mpaka kwa studio. Mbuthia alifungua mlango akichechemea kuliko mtu yeyote mtaani, maana ndiye aliyeiskia mara nyingi zaidi.

"Niaje Sitel. Uko fiti? Umenona."

"Hilo jina umelitoa wapi?"

"Gani?"

"Usiniulize gani."

"Ah, ni jina tu, manze. Msanii mwenye aliimba ndiye alilipenda."

"Fungua laptop."

"Sitel..."

"Fungua, Mbuthia."

Alifungua. Rekodi zote za Sitel zilikuwa kwa folda moja: za harusi, za kupiga sufuria, za kugonga meza akingoja chai. Zilikuwa arobaini na tatu. Indiketa 1, Indiketa 2, Indiketa 3, hivyo hivyo mpaka chini. Ya kwanza ilikuwa na tarehe ya ile siku Mbuthia alikuja harusi kutengeneza spika.

"Sijawahi kukuita hivyo," Mbuthia akasema. "Hata siku moja. Uliza mtu yeyote."

Sitel alisoma folda yote, polepole, moja mpaka arobaini na tatu.

"Weka jina langu kwa ngoma," akasema.

"Ishatoka."

"Kubadilisha ni dakika mbili. Wewe ndio ulinionyesha."

"Nikibadilisha saa hii wataniuliza mbona sikuweka mwanzo."

"Utawaambia ukweli."

Mbuthia aliangalia trei za mayai kwa ukuta.

"Basi nirudishie mguu," Sitel akasema.

"Na hao watu wote? Zile ngazi za Kagiri? Mtaa mzima inyooke mara moja, si watu wataumia? Fikiria wengine pia, Sitel."

Alisema hivyo na sura ya mtu anajali. Sitel akafungua mdomo amjibu. Kifua kikaanza kuruka. Alikuwa analia bila machozi, akivuta pumzi moja, mbili, tatu, halafu ya nne inakwama, inakaa, inakuja ikiwa imechelewa. Moja, mbili, tatu, halafu ile ingine.

Kichwa cha Mbuthia kiliinama upande. Mguu wake wa kushoto ukaanza kugonga chini. Mkono ukaenda peke yake mpaka kwa maikrofoni, akaivuta karibu na mdomo wa Sitel, na kataa kekundu ka kurekodi kakawaka.

"Usisonge," akamnong'oneza. "Hiyo ya nne. Woi. Rudia hiyo ya nne."

Sitel akaangalia hako kataa. Akaangalia Mbuthia, mtu mmoja tu mtaani aliyekuwa anamwita na jina lake. Akafunga mdomo. Akashika pumzi.

Alitoka ameishika. Alipita Oloo ameishika, akavuka mpaka Kibera ameishika. Leo ni siku ya kumi na moja. Anakula, anafua, anaongea kidogo akitaka, lakini hapumui. Haboba amemwekea sikio kwa kifua, akasema ni sawa, kuna watu wengi wanapumua na haiwasaidii. Kwa harusi bado anamimina chai.

Ngoma bado inachezwa. Jina kwa ngoma bado ni ya Mbuthia. Jana Kagiri ameanza kushusha ngazi za ploti yake ya pili.

Kila asubuhi saa mbili simu ya Sitel inalia, ni meseji ya Mbuthia. Inasema: "Sitel, ushaachilia? Niko na maiki karibu." Anaandika Sitel, vizuri, na herufi kubwa mbele. Na ukimwangalia akisoma, unaona kifua imejaa mpaka juu, na kitu kwa shingo inagonga: moja, mbili, tatu, halafu inangoja.

Sasa wewe niambie. Ungeachilia?