Kujifunza Simula Bila Kompyuta

Mwaka 1976 Damari alikuwa akifundisha hesabu katika sekondari moja ya Mbeya. Mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akirudi kwao Norway alimwachia kitabu cha Simula, lugha ya kompyuta iliyobuniwa huko. Damari hakuwahi kuiona kompyuta. Alikisoma mpaka kurasa zikalegea, lakini kila alipodhani ameelewa, sura iliyofuata ilimwacha njiani. Kilikuwa kimeandikiwa watu wanaojua tayari.

Hakukata tamaa. Alimuulizia mtu anayeijua lugha hiyo misheni, hata kwa mafundi wa reli mpya. Mwishowe padri mmoja akamtajia Kalinga, aliyekuwa akisomea kompyuta Oslo, Norway, na sasa yuko likizo kwao Kihesa, mjini Iringa. Shule zilipofungwa, Damari akapanda basi kwenda Iringa.

Kalinga alikipekua kile kitabu. "Mwalimu, hiki ni cha kuulizia, si cha kuanzia." Akaingia ndani, akatoka na masomo yaliyopigwa chapa, yale aliyoanzia yeye mwenyewe. "Haya yana mazoezi. Ila kwanza twende mashineni."

Walisimama penye mashine ya kusaga, wakitazama foleni ya akina mama.

"Nieleze mteja ni nani," Kalinga alisema.

"Anafika na mahindi yake, anasubiri, anasagiwa, anaondoka."

"Basi, hiyo ndiyo aina, ile ambayo kitabu chako kinaiita 'class'. Ukishaieleza mara moja, unaunda wateja wengi upendavyo, kila mmoja na mzigo wake na zamu yake."

Yale yaliyomsumbua miezi yote yalikuwa yamesimama mbele yake, yamejitwika ndoo.

Likizo nzima alifanya mazoezi kwa penseli, akiifuata kila hatua kama ambavyo kompyuta ingefanya. Kalinga alimkosoa bila kumficha, naye hakuchoka kufuta. Mwishowe akaandika programu ya foleni ile, na Kalinga akaichukua kwenda nayo Oslo.

"Ikikataa, ndugu?"

"Nitakwambia ilipokataa, utarekebisha."

Barua ikaja: ilikataa kweli, kwa sababu ya nukta mkato iliyosahauliwa. Damari alirekebisha, akairudisha kwa posta. Masika hayajaisha, akapokea karatasi ndefu yenye matundu pembeni, iliyochapwa na kompyuta yenyewe: wateja wote walikuwa wamesagiwa. Chini Kalinga alikuwa ameandika: "Wenzangu hapa wameipitisha mkono kwa mkono. Hawaamini kwamba hujawahi kuigusa kompyuta."

Damari aliisoma akiwa amesimama, akacheka peke yake. Jioni hiyo akaanza kuyaandika upya masomo ya Kalinga kwa Kiswahili, kwa ajili ya walimu wenzake.