Protekta ya Mama Mbizi

Binti alipoingia sebuleni na mgeni wake, Mama Mbizi alikuwa ameshaharibu protekta mbili, zile plastiki za kukinga kioo, na uso wake umekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Ilikuwa siku ya kumtambulisha mchumba. Mama mwenyewe ndiye aliyeipanga, halafu ikamtoka kichwani. Mezani, mahali palipotakiwa kukaa vikombe, palikaa kompyuta yake ya kupigia mbizi, kifaa kama saa nene ya mkononi, kinachomwambia mzamiaji yuko kina gani na lini anapaswa kuanza kupanda.

"Karibu, mwanangu," alisema bila kuinuka. "Angalia usikanyage plastiki."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa popote pasipo na plastiki."

Kijana alikuwa fundi wa meno bandia, na baba wa binti alishamwita Meno hata kabla hajamwona. Alipoambiwa jina lake jipya alicheka kwa sauti, akaonyesha meno yake mwenyewe, akasema haya hakuyatengeneza yeye. Baba akafurahi. Mama hakucheka. Binti alikuwa mmoja tu, na mama alishajiapia kwamba atakayemchukua atatoka jasho kwanza.

Ila siku hiyo akili yake ilikuwa kwenye kile kioo. Wiki iliyopita alizama bwawani kukagua vyuma vya mdomo wa bomba linalopeleka maji mjini. Chini kule maji yalikuwa mazito kama uji. Protekta ya zamani ilikuwa imeingia maji na kufanya malengelenge juu ya namba, akawa anakibandika kifaa kwenye miwani yake ya kuzamia na bado hajui kama anaona tatu au nane. Alipanda kazi ikiwa nusu, amefura kwa hasira. Na sasa kesho alitakiwa kurudi.

"Naomba nijaribu, mama," alisema Meno.

"Imebaki moja."

"Basi tusiiguse kwanza. Tuzime feni."

Mama alimwangalia. Feni ilikuwa ikizunguka juu ya vichwa vyao tangu asubuhi, ikimwaga vumbi mezani, na yeye alikuwa amekaa chini yake akilaani kiwanda kilichotengeneza plastiki. Aliinuka akaizima mwenyewe.

"Kuna maji ya moto bafuni?" aliuliza Meno. "Mvuke unashusha vumbi chini. Kazini kwangu kivumbi kimoja kikiingia kwenye jino, mtu anakihisi kwa ulimi mpaka arudi kunitukana."

Ndivyo Mama Mbizi alivyojikuta bafuni na mkwe mtarajiwa, mlango wazi kwa heshima na binti amesimama kizingitini kama askari. Maji ya moto yalifunguliwa, kioo cha ukutani kikafifia, kisha yakafungwa. Meno alinawa mikono hadi kwenye viwiko. Alifuta kioo cha kompyuta kwa kitambaa laini, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga, kisha akabandika na kubandua karatasi ya gundi, akiokota vumbi ambalo mama hakuliona hata alipovaa miwani.

"Mnapika nini huko?" baba alipaza sauti kutoka sebuleni. "Mgeni hajapewa hata maji!"

"Yuko kwenye maji!" binti alijibu.

Meno hakugeuka. Aliuliza, "Mama, ukiwa chini unatazama namba ipi zaidi?"

"Hii ya kina, na hii hapa ya muda. Muda ukiisha hujapanda, kurudi juu kunakuwa na masharti ya kusimama njiani, na hewa mgongoni ina kipimo chake."

"Kwa hiyo hapa pawe safi kabisa."

"Hapo pawe safi kabisa."

Aliishika protekta kwa ncha za vidole, akailaza upande mmoja, akaiachia ishuke yenyewe. Ilitembea juu ya kioo polepole kama maji yanayosambaa sakafuni. Kisha ikasimama. Pembeni ilikuwa imepinda kidogo. Mama aliuma meno akingoja kijana aisukume kwa dole gumba, kama alivyofanya yeye mara zote mbili.

Hakuisukuma. Alivuta pumzi, akaibandua yote taratibu, akaokota vumbi upya, akaanza tena tangu mwanzo. Hakusonya wala kutafuta wa kumlaumu. Jasho jembamba lilimshuka shavuni, akalifuta kwa bega ili mikono ibaki mikavu. Mama alimtazama akasahau kwamba alikuwa amemnunia. Alishafundisha wazamiaji wengi, vijana wenye vifua vipana, na wengi wao aliwarudisha nyumbani kwa sababu moja tu: jambo likienda kombo wanakuwa na papara. Huyu hapa hakuwa nayo hata chembe.

Safari hii ilikaa. Meno aliinua kifaa kwenye taa, akakitazama kwa muda mrefu kupita kiasi.

"Nini?" mama aliuliza.

"Nimeacha kivumbi kimoja. Hapa pembeni kabisa. Hakigusi namba, lakini kipo."

Mama alikodoa macho. "Mimi sikioni."

"Kipo, mama."

Angeweza kunyamaza. Mama alilifikiria hilo wakati wa chakula, na usiku alipokuwa akiandaa mitungi yake ya hewa, bila kumwambia mtu.

Kesho yake alizama. Chini kulikuwa kama wiki iliyopita, giza la tope na vyuma vinavyopapaswa kwa mkono. Aliinua mkono wake, na namba zikang'aa mbele ya macho, tatu ikiwa tatu na nane ikiwa nane. Alivipapasa vyuma vyote mpaka cha mwisho, akakuta kimoja kimekatika, akakifungia alama. Muda ulipokaribia kwisha alikuwa tayari anapanda, ametulia, mapovu yakimtangulia.

Wenzake walimvuta kwenye mashua. Kabla hajavua mitungi aliomba simu, akampigia binti yake.

"Mama, vipi? Umemaliza?"

"Nimemaliza. Huyo fundi wako yuko kazini?"

"Yupo. Kuna nini? Imebanduka?"

"Haijabanduka." Mama alikohoa kidogo, maana wenzake walikuwa wametega masikio. "Mwambie aongee na wazee wake, wachague siku waje nyumbani. Na baba yako nitamwambia mwenyewe, usimtangulie."

Upande wa pili kulitoka kelele iliyomfanya aiweke simu mbali na sikio. Mwendesha mashua aliuliza kama kuna msiba.

"Msiba gani," alisema Mama Mbizi, akianza kufungua mikanda. "Shika mtungi huo, mzito."